Uji Aliokoroga Mama Mkwe

Katanga ilipojitenga na Kongo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeolewa hata mwaka haujaisha, na nilikuwa nafundisha darasa la pili katika shule ya wasichana ya masista. Kwenye barua na vibao mji bado uliitwa Élisabethville, ingawa sisi wenyewe nyumbani tulisema Lubumbashi. Mume wangu alikuwa karani wa reli. Wazazi wake walikuwa watu wa Mitwaba, huko kaskazini. Wangu walitoka Kasai, nje ya Katanga. Baba alikuja kutafuta kazi akiwa kijana na hakurudi tena. Tulipooana padri hakuuliza habari hizo, wala majirani. Baada ya bendera mpya kupandishwa, kila mtu akaanza kuuliza mwenzake kwao ni wapi.

Mama mkwe wangu alifika kwetu mwanzo wa mvua, na kifurushi kimoja kichwani. Kijiji chao kilikuwa kimechomwa moto na watu wenye bunduki, na mpaka leo sijajua walikuwa wa upande gani, maana yeye mwenyewe alisema tu, "Balikuja asubuhi." Baba mkwe alikuwa amefariki miaka mingi kabla ya hapo. Mume wangu alimpa mama chumba cha mbele, sisi tukabaki na cha nyuma, na kuanzia siku ya pili jiko likawa lake.

Sikuona vibaya. Nilikuwa nikitoka shuleni nimechoka, nikakuta bukari, ugali wetu, imeshasongwa na sombe, yaani majani ya mihogo, imeiva, na mafuta ya mawese yakielea juu yake. Asubuhi aliamka kabla yetu, akapika uji wa mahindi. Mume wangu hakupenda uji. Alikunywa chai yake na kipande cha mkate, akaenda kazini. Kwa hiyo uji ulikuwa wangu. Ulikuwa mzito, mtamu, na wa rangi nyeupe kuliko ule niliouzoea. Kwa mama yangu uji uliungwa kwa karanga zilizosagwa, na chai ilinywewa kavu. Maziwa hayakuingia nyumbani mwetu, si kwa sababu ya mwiko, bali kwa sababu hakuna aliyeyafikiria. Nilidhani huo weupe ni mapishi ya watu wa kaskazini, basi.

"Kunywa yote," aliniambia. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na Kiluba chake na changu cha Kasai vilipishana njiani. "Umekonda sana, mutoto wangu. Muke akikonda hivi, mimba itakaa wapi?"

Nilikunywa yote kila siku.

Wiki ya tatu au ya nne tumbo likaanza. Halikuanza nyumbani. Lilianza darasani, karibu saa nne, wakati wa kusoma kwa pamoja. Kwanza lilinguruma, kwa sauti ambayo wasichana wa dawati la mbele waliisikia wakatazamana. Kisha likajaa upepo, likawa gumu kama ngozi ya ngoma, na baada ya hapo maumivu yakashuka chini kwa nguvu hivi kwamba nilishika ukingo wa meza. Nilimwambia kiranja aendelee kusomesha wenzake, nikatembea mpaka mlangoni kwa mwendo wa mwalimu, na nilipofika nje nikakimbia. Choo kilikuwa nyuma ya kanisa. Kulikuwa na siku mbili nilizochelewa kufika. Sitaandika zaidi juu ya siku hizo, ila kwamba nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya ukuta, nimejifunga kitenge cha mpishi wa masista, na kesho yake nilishindwa kuwatazama watoto machoni.

Yakawa maisha yangu. Nilijua kila choo kati ya nyumba na shule. Misa ya Jumapili nilikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Kitenge cha pili hakikutoka mkobani. Usoni nilizidi kukonda, huku tumbo likivimba, na wanawake waliokutana nami bombani wakaanza kunipongeza wakidhani nina mimba.

Nilikwenda zahanati. Muuguzi alinipa dawa ya minyoo, nikainywa, sikuona mnyoo wala nafuu. Mara ya pili alinipa vidonge vyeusi vya makaa. Mara ya tatu aliniuliza kama tunasikia milio ya bunduki mtaani kwetu. Nilisema tunaisikia.

"Basi iko tumbo ya woga," alisema. "Siku hizi bantu bengi beko nayo. Mie pia."

Huenda alisema kweli. Mwaka ule kila mmoja alikuwa akiugua kitu. Lakini woga ulikuwepo asubuhi na jioni, Jumatatu na Jumapili, nalo tumbo langu lilikuwa na saa yake. Nikaanza kuacha vyakula kimoja kimoja. Niliacha maharagwe, nikaacha sombe, nikaacha samaki wakavu, nikaacha pilipili. Wiki moja nilikula bukari na chumvi tu. Mama mkwe aliniona nikirudisha sahani zikiwa zimejaa, akasikitika, na asubuhi akaniongezea uji. Uji sikuuacha kamwe, kwani nani huacha uji akiwa mgonjwa?

Jirani yetu wa upande wa kulia alikuwa mwanamke wa Kasai, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi, nami nilimwita yaya, yaani dada mkubwa. Mume wake alikuwa amefukuzwa kazi miezi hiyo bila sababu nyingine zaidi ya kwao alikotoka. Siku moja alinikuta nimeinama kwenye ua, nimeshika tumbo kwa mikono miwili. Alininyanyua, akanikalisha kizingitini pake.

"Ilianza lini?" aliuliza.

Nilimwambia.

"Na mama mukwe yako alifika lini?"

Alinitazama kwa huruma, na nadhani huruma hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Mie sisemi kitu, mudogo wangu. Naangalia tu. Bantu ba kule hawatupendi shiye. Mwana wake aliacha mabinti ba kwabo akachukua weye. Angalia mikono ya mwenye kukupikia."

Nilimwambia asiseme hivyo. Lakini nilipoondoka pale neno lilikuwa limeshaingia, na kesho yake asubuhi sikulala mpaka kuitwa. Niliamka, nikasimama nyuma ya dirisha dogo linalotazama jiko la uani.

Mama mkwe alikuwa amechutama kwenye mbabula, yaani jiko letu la makaa, na sufuria ilikuwa inatokota. Alitazama mlango wa nyumba, kisha ule wa jirani. Halafu alifungua pindo la kitenge chake kiunoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi, akaikunjua, na akamimina ndani ya uji unga mweupe, laini kama poda. Alikoroga haraka. Karatasi akairudisha pindoni.

Aliponiletea bakuli nilisema sina njaa. Alipoondoka niliumwaga shimoni.

Jioni nilimwambia mume wangu. Kwanza alicheka. Kisha aliona uso wangu, akaacha kucheka, na akatoka uani bila kuvaa viatu. Mimi nilibaki mlangoni.

"Mama," alisema, "uko natia nini mu chakula ya muke wangu?"

Mama mkwe alikuwa akichambua majani ya matembele. Hakuinuka. "Iko kitu ya kumupa nguvu."

"Kitu gani?"

"Ya nguvu."

"Ulitosha wapi?"

Mume wangu alirudia swali la alikoitoa mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, na mama yake aliendelea kuvunja vikonyo vya majani, akiweka majani upande huu na vikonyo upande ule. Mwisho mume wangu alinyoosha mkono. Mama alifungua pindo, akampa karatasi. Mume wangu aliitazama ile poda, hakuinusa, hakuionja. Alikwenda akaitupa chooni pamoja na karatasi yake.

Mama mkwe alinitazama mimi. Alikuwa na macho madogo, yenye weupe wa uzee pembeni. Nilitegemea hasira, au aibu. Alinitazama tu kama mtu anayemwona mgeni mlangoni na hajui amkaribishe au amwulize jina.

Tangu siku hiyo nyumba ikawa na sufuria mbili. Nilijipikia mwenyewe, chai kavu asubuhi na viazi vitamu, nikaficha chumvi yangu chumbani. Na hapa ndipo ilipo sehemu ngumu kuisimulia, kwa sababu nilipona. Siku ya tatu tumbo lilinyamaza. Wiki ya pili nilirudia maharagwe na sombe, havikunidhuru. Nilifundisha asubuhi nzima bila kutoka darasani. Mwili wangu wenyewe ulitoa ushahidi, na mimi niliuamini kuliko kitu chochote. Nilimwambia yaya jirani kwamba nimepona. Sikumwambia lingine, wala hakuhitaji kuambiwa.

Mtaa ulijua ndani ya wiki. Wanawake waliacha kumwachia mama mkwe nafasi kwenye foleni ya bomba. Akisimama, walisogea mbali, na watoto waliitwa ndani akipita. Mmoja alimwita mlozi, kwa sauti, mbele ya kanisa. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika kitabu cha nyimbo, nikakifungua, nikajifanya natafuta ukurasa.

Mama mkwe hakukaa mwezi. Mume wangu alipata lori la chumvi na samaki wakavu linalokwenda kaskazini, dereva akiwa mtu wa kwao. Njia ilikuwa mbaya na yenye vizuizi vya askari, na kijiji chake kilikuwa majivu, sote tulijua. Mama mkwe alisema ana dada yake Mitwaba penyewe. Asubuhi ya kuondoka alifagia uani, akaosha sufuria yake akaifunika. Aliniaga kwa kunipa mkono, kama wanavyoagana watu waliokutana kwenye gari. Mkono wake ulikuwa umechubuka vidoleni, ngozi imebambuka. Nilishangaa kidogo, nikasahau.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya mbio. Vijana wenye fimbo na minyororo walianza kupita nyumba za watu wa Kasai. Yaya jirani na mume wake waliondoka alfajiri moja, na saa nne mlango wao ulikuwa umeshavunjwa. Sisi tuliondoka siku mbili baadaye, tumebeba godoro, cherehani ya mama yangu na vitabu vitano. Mume wangu angeweza kubaki. Kwa jina na kwa lugha, asingeguswa labda. Alikuja nami. Tulikwenda kwenye kambi nje ya mji, ambako askari wa Umoja wa Mataifa, wenye kofia za buluu, walikuwa wanalinda maelfu ya watu katika vibanda vya matawi, makaratasi na mabati. Kazi yake ya reli ikaishia hapo.

Kambini tuligawiwa unga wa mahindi, na kwa kila mtu kikombe cha poda nyeupe kutoka gunia kubwa. Ni maziwa, walisema, mchanganye na maji yaliyochemshwa. Tulikuwa na njaa. Niliyakoroga kwenye uji, nikanywa, na kabla sijaona lolote, ulimi wangu ukatambua. Weupe ule. Utamu ule.

Nilikaa na bakuli tupu mikononi. Nilijaribu kujiambia kwamba ulimi hukosea. Baada ya saa mbili tumbo lilinguruma.

Si mimi peke yangu. Katika wiki ya kwanza foleni ya vyoo vya mahandaki ilikuwa ndefu kuliko ya chakula, na wengi waliosimama walikuwa watu wazima, wameshika matumbo. Habari zikaenea kwamba maziwa yametiwa sumu ili watu wa Kasai waishe. Mwanamke mmoja alimwaga mgao wa familia yake yote mbele ya kibanda changu, akiapa kwamba amemwona mgawaji akitia kitu. Nilimsikiliza. Nilijua kila neno kabla hajalisema, na nilijua jinsi alivyokuwa na uhakika.

Katika hema la dawa kulikuwa na muuguzi mzee, mtu mweusi mwenzetu, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye hospitali za mgodini. Nilimweleza yote, hata ya nyumbani, isipokuwa habari ya mama mkwe.

"Ulikunywa maziwa utotoni?" aliuliza.

"Hapana. Sikumbuki."

"Mie nimeona hii siku mingi. Sijue jina yake. Muntu mukubwa hakuzoea maziwa, unamupa, tumbo inakatala. Hapana sumu, hapana bulozi. Mutoto anakunywa, hana kitu. Mama yake anakunywa, anakimbia choo." Alinawa mikono. "Acha siku tano. Kiisha kunywa kikombe kimoja. Utaona weye mwenyewe."

Niliacha siku tano, nikawa mzima. Siku ya sita nilikunywa kikombe, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimeona. Hakuniandikia jina la ugonjwa, na hakuna daktari aliyeniandikia tangu hapo. Mpaka leo nasema nadhani ni maziwa.

Swali lililobaki ni mama mkwe aliyatoa wapi. Jibu nililipata kwa sista mmoja wa shule yetu, Mbelgiji, aliyekuja kambini na magunia. Alinikumbatia, akauliza habari za mume wangu, kisha akasema, kwa kile Kiswahili chao cha vitabu vya misa:

"Na yule mama yenu mzee yuko wapi? Tangu alipoondoka hatujapata mwingine wa kufua mashuka kama yeye."

Nilimwuliza mashuka gani.

"Ya wagonjwa wetu. Alikuja kila siku ulipokuwa darasani. Alituomba tusimlipe kitu kingine, ila maziwa ya poda, kwa ajili ya binti yake aliyekonda. Alisema tusimwambie mtu, mtoto wake wa kiume amemkataza kufulia watu." Alinitazama vizuri. "Hukujua?"

Ni kweli, mume wangu alikuwa amemkataza. Wiki ya kwanza alipofika aliomba kazi ya kufua kwa wazungu, na mume wangu akasema mama wa karani hafulii watu, hataki kusikia tena habari hiyo. Mimi nilikuwepo nikaitikia kwa kichwa.

Nilimwambia mume wangu siku hiyo hiyo, tumekaa kwenye godoro ndani ya kibanda. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Mie ndiye nilitupa." Baadaye akasema, "Sikuonja hata kidogo." Kisha akatoka, akaenda kusimama kwenye uzio wa seng'enge, na alikaa huko mpaka unga ulipogawiwa. Hakusema kwamba mimi ndiye niliyesema neno la kwanza. Sikumsaidia kulisema.

Vita vilipokwisha na Katanga ikarudi Kongo, tulingoja mvua zipungue, tukapanda lori kwenda Mitwaba. Safari ilichukua siku tatu. Nilikuwa na mimba ya miezi minne, na nilikuwa nimejifunza maneno ya Kiluba cha kwao ya kuomba radhi, mume wangu akinisahihisha njiani.

Tulimkuta kwa dada yake, nyumba ya udongo pembeni ya shamba la mihogo. Alikuwa amezeeka zaidi ya miaka iliyopita. Alimshika mwanawe uso, akalia bila sauti. Mimi alinipa mkono, akanipa kigoda.

Nilipiga magoti, nikasema maneno yangu. Nilimwambia juu ya sista na mashuka. Nilimwambia juu ya tumbo langu, kwamba linakataa maziwa, kwamba yeye hakuwa na kosa na mimi sikuwa na akili. Alisikiliza akitazama mikono yangu.

"Nimesikia," alisema.

Mume wangu alimwuliza mbona siku ile hakusema tu kwamba ni maziwa.

"Nilisema iko ya nguvu. Mulikuwa mumekwisha kuamua." Akafikiri. "Na ningesema ni maziwa, mungeuliza niliyatosha wapi. Ungenifukuza ku kazi, na huyu angekosa."

Ilipofika saa ya kula aliingia ndani, akatoka na kapu la unga, fungu la majani, chumvi na sufuria safi. Aliviweka vyote mbele yangu chini.

"Pika weye mwenyewe," alisema. "Ndiyo uone kila kitu inaingia."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni mahali pa kuogea. Nilimwomba apike yeye. Nilimwambia ninatamani chakula chake, na kwa kweli nilikitamani. Alitikisa kichwa, akaenda kukaa mbali na moto, mahali ambapo ningeweza kumwona muda wote. Nilisonga bukari, machozi yakiniingia mdomoni. Nilipoandaa, alikula chakula changu bila kusita, akashukuru.

Tulikaa siku nne. Kila siku alinitolea unga na majani, nami nikapika, naye akakaa mbali na moto. Siku ya kuondoka aliligusa tumbo langu kwa kiganja, mara moja, akasema mtoto ni msichana. Hapo tu ndipo aliponiita tena mutoto wangu, lakini lori lilikuwa limeshawashwa, na sikuwa na hakika kama aliniita mimi au aliita kilichokuwa ndani.

Alikuwa msichana kweli. Mama mkwe hakumwona. Barua ya dada yake ilitufikia Lubumbashi mvua za mwaka uliofuata, wiki tano baada ya mazishi. Ilisema alianguka shambani na hakuugua muda mrefu. Mume wangu aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, akaniuliza kama nitachelewa. Nilichukua mkoba wangu nikaenda shuleni. Asubuhi hiyo nilifundisha hesabu za kutoa mpaka kengele ilipolia.